Jibwa laniumbua ufukweni!

Wiki hii nawapa stori ya majuu, na wanaoogopa mbwa wakae mkao wa tahadhari.

Nilikuwa California, nimefikia kwa mshikaji wangu wa siku nyingi anayeishi Berkeley. Jumapili asubuhi akasema twende baharini. Mwenzenu nikatinga kaptula na miwani ya jua, nikijua tunakwenda kutanua. Kufungua mlango wa gari, nakuta majibwa mawili yameshakaa, moja kubwa kama ndama! Mimi mtoto wa pwani, nimelelewa kwamba mbwa akikulamba unajiosha mara saba, moja kwa udongo.

Tukaenda Albany, jirani tu, mahali panapoitwa Albany Bulb. Zamani palikuwa jalala la vifusi. Zege na nondo za majengo yaliyobomolewa vilimwagwa majini mpaka ikatokea rasi. Jalala likafungwa miaka ya 1980, majani yakaota, na watu wasio na makazi wakajijengea vibanda. Nondo bado zinachungulia ardhini, kwa hiyo ukienda usivae ndala.

Kukata kona, ala! Jimama refu limenyoosha mikono juu, limeelekea maji. Kulisogelea, kumbe ni mbao zilizotupwa na bahari na vyuma chakavu. Hakuna kiingilio, hakuna mlinzi, wala karatasi ya bei.

Aliyelitengeneza ni Osha Neumann, na hapo ndipo nilipotega sikio. Huyu bwana ni mwanasheria, tena amewatetea hao hao wasio na makazi. Watu wa vibanda waliondolewa mwaka 2014. Sanamu zikabaki. Mshikaji wangu alikuwa akisalimiana nao kila akileta mbwa. Mmoja alikuwa na ndoo ya maji kwa ajili ya mbwa wanaopita. Siku moja kufika, kibanda hakipo, ndoo haipo. Mwenye ndoo alikwenda wapi, hajui mpaka leo. Nikaliangalia tena lile jimama. Mara ya kwanza nilidhani linashangilia.

Sasa nimezama kwenye mawazo, pembeni kuna kisanamu cha magogo, kama farasi hivi. Lile jibwa likachomoa mguu mmoja wa farasi, likaja kuubwaga mbele yangu, ulimi nje, linataka niurushe! Nikaangaza huku na huku, nikisubiri mwenye farasi atokee na bili. Akapita mama mmoja mtu mzima na mbwa wake, akacheka mpaka akashika kiuno. Akaokota gogo lingine pale majini, akalipachika. Farasi akawa na mguu mmoja mrefu kuliko mitatu mingine, mama akaendelea na safari yake.

Mimi mkono umelowa mate ya mbwa. Maji yapo, udongo upo. Nikachuchumaa ufukweni nikaanza kuhesabu: moja, mbili...