Mabishano ya mashabiki ni uhakiki, tusiyabeze

Miongoni mwa walimu wa fasihi wamo wanaoamini kwamba mwanafunzi anayebishana na wenzake kuhusu tamthilia ya runinga anapoteza wakati ambao angeutumia kusoma vitabu vilivyoteuliwa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani saa za siku ni zile zile na mtihani haumngojei mtu. Hata hivyo, inafumbia macho jambo zito. Yasikilizeni mabishano hayo kwa makini, hasa yanapohusu sehemu ya mwisho ya msimu, pale mtunzi alipoikatiza hadithi kwenye kilele cha taharuki na kuwaacha watazamaji roho juu. Mtawasikia vijana wakitoa ushahidi, wakiupinga ushahidi wa wenzao, wakikumbuka tukio dogo lililopita miezi mingi na kulihusisha na la jana. Hayo ndiyo tunayoyaita uhakiki tukiwa darasani, na ndiyo tunayoyatafuta kwa udi na uvumba katika insha za wanafunzi tusiyapate.

Ili hoja hii isielee hewani, nitatwaa mfano mmoja wa zamani kidogo. Nauchagua kwa sababu mwisho wake unajulikana, hivyo twaweza kuyapima mabishano ya wakati ule kwa yale yaliyotokea baadaye. Mnamo Juni 1990, tamthilia ya kisayansi ya Marekani iitwayo Star Trek: The Next Generation ilifunga msimu wake wa tatu kwa sehemu iliyopewa jina The Best of Both Worlds.

Tamthilia hiyo ilikuwa mrithi wa ile Star Trek ya kwanza, iliyoonyeshwa kuanzia 1966 hadi 1969. Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba mambo haya ni ya kigeni kabisa kwake, maana katika chombo cha angani cha tamthilia ile ya kwanza alikuwamo afisa wa mawasiliano, mwanamke Mweusi, aliyeitwa Uhura, na jina hilo lilichotwa kutoka kwa neno letu ‘uhuru’. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Nichelle Nichols. Mashabiki wa tamthilia ile nao walikuwa si watu wa kutazama na kunyamaza: shirika la utangazaji lilipokaribia kuifuta katika msimu wa 1967 na 1968, waliandika barua kwa wingi hata ikaongezewa msimu wa tatu.

Turudi 1990. Katika sehemu hiyo, chombo kiitwacho Enterprise, chini ya Nahodha Jean-Luc Picard, kinakabiliwa na Borg. Hawa ni viumbe nusu watu nusu mitambo, ambao akili zao zimeunganishwa zikawa moja, na wasafirio katika chombo kikubwa chenye umbo la mchemraba. Mwalimu wa sarufi angesema kwamba Borg hawana nafsi ya kwanza umoja. Kwao hakuna ‘mimi’, ipo ‘sisi’ tu. Wanamteka nyara Picard, wanamtia mitambo mwilini na kumpa jina jipya, Locutus, awe msemaji wao. Naibu wake, Riker, ambaye sasa ndiye mwenye amri, anamwona nahodha wake kwenye kioo cha mawasiliano akiwa na uso wa chuma na sauti isiyo yake, akiwataka wajisalimishe. Chombo kina silaha moja mpya inayodhaniwa kuwa yaweza kuwaangamiza adui. Riker anatoa amri ifyatuliwe. Papo hapo hadithi inakatizwa, na maandishi yanawatangazia watazamaji kuwa itaendelea.

Itaendelea lini? Sehemu ya pili ilianza kuonyeshwa mwishoni mwa Septemba, majuma kumi na manne baadaye. Haikuwa mara ya kwanza kwa runinga ya Marekani kucheza mchezo huo. Dallas, tamthilia ya matajiri wa mafuta, iliwaacha watu wakiulizana kutoka Machi hadi Novemba 1980 nani aliyempiga risasi J.R. Lakini swali la Dallas lilikuwa la kutegua kama kitendawili, na jibu lake lilikuwa jina la mtu. Swali la Star Trek lilikuwa la aina nyingine: je, ni halali kumuua mwalimu wako ili kuwaokoa wengine? Na huyo unayemwona mbele yako, je, bado ni mwalimu wako?

Basi kiangazi chote mashabiki walibishana, katika vilabu vyao, katika mikutano yao, na katika kurasa za barua za magazeti yanayoshughulikia bunilizi za kisayansi. Hoja iliyozua joto kuliko zote ilikuwa iwapo Picard angekufa. Waliosema angekufa hawakubahatisha. Waliweza kutaja kifo cha Tasha Yar, mkuu wa usalama, aliyeuawa ghafla mnamo 1988, katika msimu wa kwanza, mwigizaji wake alipoiacha tamthilia. Waliweza kutaja pia kwamba daktari wa chombo aliondolewa msimu wa pili kisha akarejeshwa. Kwa hiyo walijua kwamba katika ulimwengu ule mhusika mkuu hana hirizi ya kumkinga. Isitoshe, uvumi ulikuwa umeenea kwamba Patrick Stewart, Mwingereza aliyetoka kwenye jukwaa la tamthilia za Shakespeare na ambaye ndiye aliyekuwa Picard, huenda hatarudi. Stewart mwenyewe amewahi kusimulia jinsi mtu aliyekuwa garini alivyomtambua njiani akampigia kelele kwamba ameiharibu likizo ya kiangazi ya jamaa yake nzima.

Waliosema angepona nao walikuwa na vifungu vyao. Yupo katika tamthilia hiyo kiumbe mwenye uwezo usio na mpaka aitwaye Q, ambaye mwaka uliotangulia ndiye aliyeirusha Enterprise mbali hadi mbele ya Borg kwa mara ya kwanza, kisha akairudisha. Je, asingerudi kuwaokoa? Wapinzani walijibu kwamba mtunzi akimleta Q atakuwa amewadanganya watazamaji, kwa kuwa mkono wa kimuujiza ukitumika mara mbili hatari yote huwa mzaha. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu anayeweza kuieleza hoja hiyo, kwamba suluhisho halina budi kuchipuka ndani ya msuko wenyewe, ameelewa somo ambalo mimi nimeona likielezwa kwa kurasa kumi bila kueleweka.

Hoja niipendayo zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya wale waliosema kwamba hadithi ile haikuwa ya Picard hata kidogo. Ilikuwa ya Riker. Tangu mwanzo wa sehemu hiyo, Riker anapewa unahodha wa chombo kingine, naye anasitasita. Si mara ya kwanza kwake kukataa. Kisha anakuja afisa kijana, Kamanda Shelby, mwanamke mkakamavu anayekitaka cheo cha Riker na asiyeona haya kumwambia usoni kwamba anamzibia njia. Ukiitazama hivyo, amri ya kufyatua silaha si tukio la vita tu. Ni mara ya kwanza kwa Riker kuketi katika kiti alichokuwa akikikimbia, na gharama ya kiti hicho ni uhai wa mtu aliyemfanya apende kubaki. Waliotazama hivyo walikuwa wamesoma. Sina neno jingine.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wao hawakulijua wakati ule. Mwandishi wa sehemu hiyo, Michael Piller, aliyeongoza kazi ya uandishi katika msimu huo wa tatu, alieleza baadaye kwamba alipoiandika hakuwa na habari jinsi ambavyo ingemalizika. Yeye mwenyewe alikuwa akifikiria kuiacha kazi, na kusitasita kwa Riker kulikuwa kusitasita kwake. Hatimaye alibaki, na ikawa juu yake kujinasua kutoka kwenye mtego aliouwamba kwa mkono wake. Maana yake ni kwamba katika miezi ile mtunzi na watazamaji walisimama mahali pamoja, wakiwa na maandishi yale yale mbele yao na kujiuliza swali lile lile. Sisi walimu tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba jibu limo kichwani mwa mwandishi, limefungiwa kama fedha benki, na kazi yao ni kukisia nambari ya siri. Mfano huu unatusuta.

Je, jibu lilipokuja lilistahili kusubiriwa? Kwa maoni yangu, nusu lilistahili. Silaha inashindwa, kwa sababu Borg wamekwisha kuyapata yote aliyoyajua Picard. Suluhisho hilo la mwanzo ni la haki, maana linatokana na kutekwa kwenyewe. Kisha chombo cha Borg kinaendelea na safari kuelekea Duniani, na mahali paitwapo Wolf 359 kinateketeza vyombo 39 vilivyokwenda kukizuia. Vita vyenyewe hatuvioni. Tunaonyeshwa mabaki tu, na kimya cha wale wanaoyatazama, jambo ambalo naliona kuwa la ustadi kuliko moto na milipuko. Baadaye Riker anafaulu kumteka Locutus, na afisa Data, roboti mwenye umbo la mtu, anaingia katika akili ya pamoja ya Borg kwa kumpitia yeye. Picard anajitahidi kutoa neno moja kutoka ndani ya utumwa wake: usingizi. Borg wanaamriwa walale, na chombo chao kinajilipua.

Wapo mashabiki walionung'unika kwamba adui wa kutisha namna ile aliangamizwa kwa hila ya kitoto. Mimi siafikiani nao kikamilifu, kwani udhaifu wa Borg ulitoka katika umoja wao ule ule uliowapa nguvu. Ninaloliafiki ni lalamiko la wale waliomfuata Riker. Mwisho wa yote, Picard anapona, Shelby anakwenda zake kusaidia kuijenga upya meli iliyoangamia, na Riker anarudi katika kiti chake cha zamani kana kwamba hakuna lililompata. Sehemu ya kwanza iliuliza swali kuhusu Riker. Ya pili ikajibu swali kuhusu Picard. Mhakiki wa chuo kikuu asingeligundua kosa hilo upesi kuliko waliolisubiri jibu kwa majuma kumi na manne.

Juma lililofuata liliwashangaza wengi. Sehemu iitwayo Family haina hata onyesho moja katika chumba cha usukani cha Enterprise. Picard anarudi kijijini kwao Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu ya ndugu yake Robert, ambaye hawakuwa wakielewana. Wanagombana, wanapigana matopeni kama watoto, wanacheka, kisha nahodha anaangua kilio akikiri kwamba hakuwa na nguvu za kuwazuia waliomtumia kuua. Kwangu mimi hapo ndipo hadithi ile ilipokwisha hasa. Wale waliodai wakati wote kwamba swali lilikuwa iwapo mtu aliyenyang'anywa nafsi yake anaweza kuirudia walipata jibu lao shambani, mbali na nyota.

Sitaki kuwapamba mashabiki kwa sifa wasizo nazo. Aghalabu hupotelea katika kukokotoa kasi ya vyombo na kusahau watu waliomo ndani. Mara nyingine hujifanya wenye mali: Arthur Conan Doyle alipomuua mpelelezi Sherlock Holmes mnamo 1893, wasomaji walimlaumu vikali, na mwaka wa 1903 akamfufua. Sijui kama fasihi ilinufaika na ufufuo huo; mifuko ilinufaika. Lakini kasoro hizo ni za mtu aliyejishughulisha mno na kazi ya sanaa. Darasani mwetu tatizo ni kinyume chake.

Na hapa ndipo ninapohofia. Tangu kampuni za kuonyesha filamu kwa intaneti zilipoanza kutoa msimu mzima kwa siku moja, kama ilivyofanywa kwa Stranger Things mnamo Julai 2016, kijana anaweza kumaliza sehemu nane usiku mmoja. Taharuki ya kila sehemu inaishi sekunde chache, kisha jibu linajileta lenyewe. Hapana nafasi ya kukisia, wala ya kumwuliza mwenzako, wala ya kurudi nyuma kutafuta ushahidi. Nasi shuleni tumefanya vivyo hivyo kabla ya kampuni hizo. Mwanafunzi anaanza riwaya akiwa amekwisha kununua kijitabu cha mwongozo, anajua nani atakufa katika sura gani, na ‘maudhui’ yamepangwa yakangoja kukaririwa. Tumemwondolea yale majuma kumi na manne, halafu tunamshangaa kwa kutokuwa na maoni.

Napendekeza jaribio dogo lisilo na gharama. Ipo riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, iliyotoka mwaka wa 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa na kurushwa angani ndani ya chombo ambacho hakitarajiwi kumrudisha. Mwalimu na asome na darasa lake hadi hapo, akusanye nakala zote, azifungie kabatini kwa juma moja. Wanafunzi waandike wanavyodhani mtunzi hana budi kufanya, kila dai likiambatana na ukurasa walioutegemea, kisha wabishane. Atakuwapo mmoja aliyekwisha kuusoma mwongozo na anayejua chombo kitatua wapi. Huyo asifukuzwe. Apewe kazi ngumu kuliko wenzake: aonyeshe, kwa kurasa zile zile zilizosomwa, kama mtunzi alikuwa na haki ya kukitua hapo.