Alisema Nini Hasa, na kwa Lugha Gani?

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya uvumi, hasa ule wa kusema ati mkubwa fulani ametukana kabila au taifa la watu. Hapa mpakani, kutoka Busia hadi Malaba, habari za aina hiyo hukimbia kuliko bodaboda, na hata jina bodaboda lenyewe lilizaliwa huku kwetu.

Chukua mfano. Mwanasiasa anazungumza mazishini karibu na Malaba saa nane mchana. Jioni, sokoni Busia, tayari amewaita Wateso jina baya. Ukimwuliza msemaji, "Kwani wewe ulikuwako?" anajibu, "La, nimeambiwa na makanga." Makanga naye aliambiwa na abiria. Je, abiria alisikia kwa lugha gani? Kiteso na lugha za Waluhya, kama Kisamia na Kikhayo, hazina udugu hata kidogo. Neno likitoka Kiteso likaingia Kiluhya, kisha Kiswahili, kila mmoja ameshatia chumvi yake. Mzaha uliowachekesha watu matangani unafika sokoni umekuwa tusi. Kwa uvumi wa namna hiyo wasichana wawili wa darasani mwetu, mmoja Mteso na mwingine Mkhayo, walikaa dawati moja wiki nzima bila kusemezana. Yule mheshimiwa hata hawajui!

Kwa hivyo mimi nasema, kabla hujakasirika, dai sentensi nzima, kwa lugha ile ile iliyosemwa.

Kuna wenzangu watakaosema kwamba huku ni kuwatetea wakubwa. Siyo hivyo, jamani. Mwezi wa Juni 2019 kanda ya video ilienea ikimwonyesha mwanamuziki Jaguar, wakati huo Mbunge wa Starehe, akisema kwamba Watanzania na Waganda wameteka soko la Nairobi, na kwamba wasipoondolewa katika saa 24 watapigwa. Hapo ukitafuta sentensi nzima ubaya haupungui, unazidi. Tanzania ililalamika, Serikali ya Kenya ikajitenga na maneno hayo, naye akakamatwa tarehe 26 Juni. Hebu mfikirie mama wa Busia anayevuka kila asubuhi kuuza bidhaa upande wa Uganda. Wenye hasira wa kule wangemlipiza nani, kama si yeye? Tena sisi Wakenya tunaposema "Waganda" tunamtia ndani kila mtu wa Uganda, hata Msamia ambaye shangazi yake yuko Funyula na Mteso wa Tororo mwenye ndugu Amagoro.

Kesi iliyo ngumu zaidi ni ya Eldoret. Tarehe 8 Januari 2022, Mithika Linturi, aliyekuwa Seneta wa Meru, alitamka neno "madoadoa" mkutanoni. Kesho yake akakamatwa. Ukifungua kamusi utaona madoadoa ni alama kama zile za ngozi ya chui, na kwa kamusi mtu huyu hana kosa. Lakini watu wa Bonde la Ufa wanalijua neno hilo kwa njia nyingine, maana katika vita vya kikabila vya miaka ya 1990 na vya 2007 na 2008 liliwahusu waliohesabiwa kuwa wageni, wa kuondolewa. Hapa neno lenyewe lilisikika. Ubishi ulikuwa juu ya maana. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Basi kamusi peke yake haitoshi. Lazima pia tuwaulize wale walioitwa hivyo, waliwahi kutendwa nini baada ya kuitwa.

Sheria ya mwaka 2008 inatoa kifungo kisichozidi miaka 3, au faini isiyozidi shilingi 1,000,000, au vyote viwili, kwa anayechochea chuki ya kikabila. Kumbe inamhusu pia anayechapisha au kusambaza kwa nia hiyo, si yule wa jukwaani tu! Wanaorushiana vikanda kwa simu wakisema "mimi nimetuma tu" wangeisoma kwanza.

Pendekezo langu kwa Chama ni hili. Tuweke daftari. Uvumi ukija, tuandike maneno yalivyosemwa, mahali, siku, na nani alisikia kwa masikio yake. Kisha wenzetu wawili wanaoijua lugha hiyo watafsiri, kila mmoja peke yake, ndipo tulinganishe. Asiyepatikana shahidi tuandike "hajapatikana" na tunyamaze. Daftari la kurasa 96 nimeshanunua. Wa Kisamia, Kikhayo na Kijaluo wamejitolea. Wa Kiteso tunaye mmoja tu, twahitaji wa pili kabla ya mkutano ujao.