WAPENI VIJANA DAFTARI, SI VITI VYA KUBEBA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu yangu katika imani, kijana mmoja alinijia baada ya swala ya Isha akasema: "Sheikh, ushirika siingii, kuna riba." Nikamuuliza: "Na ule usio na riba umeutafuta?" Akainamisha kichwa.

Riba ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini tusiifanye kisingizio cha kukaa kijiweni. Katika Surat al-Maida, aya ya 2, Allah ametuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu. Hapa Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vijana huipata kwa kikundi kilichosajiliwa. Je, wewe una kikundi?

Na kikundi ni madrasa. Ushirika duniani una misingi saba. Wa tano ni elimu kwa wanachama. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu 1933. Huko huko Moshi, mwaka 1963, kikaanzishwa Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni chuo kikuu. Ushirika bila elimu ni chombo bila usukani.

Sasa naongea na wazee wenzangu. Katika vikundi vyetu daftari analo mzee, ufunguo wa kasha anao mzee, kijana anabeba viti. Mzee akifariki, hakuna ajuaye nani anadaiwa. Al-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika madeni. Nani amewafundisha vijana wetu kuyaandika?

Mmoja ashike daftari, mwingine ahesabu fedha mbele ya wote, wa tatu awasomee wenzake mahesabu. Kila miezi mitatu wabadilishane. Akikosea, bora akosee shilingi elfu mbili mbele yenu leo, kuliko milioni mbili mbele ya hakimu kesho.

Nawe kijana, usisubiri. Tafuta wenzako kumi katika safu unayoswalia. Wekeni kidogo kidogo, kopeshaneni bila nyongeza, andikeni kila shilingi. Amana haifundishwi kwa mawaidha peke yake. Hufundishwa kwa kushika mali ya wenzako na kuirudisha kamili.

Allah atujaalie kuwa waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.