Kamera na Sitara ya Nyumba

Ndugu katika imani, wengi wetu tukiwa safarini huitazama nyumba kwa kamera kupitia simu. Ni hadhari njema. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hodi imewekwa kwa sababu ya jicho, na anayeiingilia kamera yako ameingia bila hodi.

Basi neno la siri la kiwandani, au alilolitia fundi, libadilishwe siku hiyo hiyo, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, programu isasishwe. Kamera itazame mlango na baraza. Uani na vyumbani, wanapokaa mama na mabinti bila mtandio, isiwekwe kabisa. Na wote wa nyumbani wajue ilipo na nani aitazamaye. Tusilinde mali tukaivua sitara. Wallahu aalam.