Pati Ile Iliandaliwa na Nani?

Kila tukizungumzia hip hop tunaanza na DJ Kool Herc, Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973. Sawa. Lakini pati yenyewe iliandaliwa na nani? Na dada yake, Cindy Campbell, aliyekuwa anatafuta hela ya nguo za shule. Kaka alipiga muziki.

Mwaka 1979, Sylvia Robinson ndiye aliyeitoa "Rapper's Delight" kupitia lebo ya Sugar Hill. Mwaka 1999, Lauryn Hill akabeba Grammy ya albamu bora ya mwaka, tuzo ambayo hakuna albamu ya hip hop iliyokuwa imewahi kuipata.

Halafu mtu ananiambia wanawake "wameingia" kwenye hip hop. Wameingia kutokea wapi? Mwenye nyumba hapigi hodi kwake.

Na sisi huku tunajifanya tunawaheshimu. Nazizi wa Kenya tumembatiza "First Lady". Jamani, First Lady ni mke wa rais. Hapo rais ni nani? Mwanaume akichana vizuri ni rapa. Mwanamke akichana vizuri ni "rapa wa kike", na sifa yake kubwa eti "anachana kama mwanaume". Hilo ni tusi lililopakwa asali.

Wapenzi wa fasihi nasi tusijitoe. Mwanaume tunamchambua vina. Mwanamke tunaanza na alivyovaa. Ukimsikiliza tena, anza na mistari yake. Ikiwa mibovu, sema mibovu. Hiyo ndiyo heshima.