Waingereza Nao Walikuwa Wakimbizi

Mwezi wa Agosti mwaka 2024, umati wenye ghadhabu ulivamia hoteli moja karibu na mji wa Rotherham, Uingereza, kwa kuwa humo walihifadhiwa wageni waliosubiri maombi yao ya ukimbizi yaamuliwe. Mwezi mmoja kabla, serikali mpya ya Keir Starmer ilikuwa imeufuta mpango wa kuwapeleka watu kama hao Rwanda. Ausikilizaye mjadala huo atadhani kuihama nchi kwa kukosa amani ni maradhi ya watu wa mbali. Historia ya Waingereza wenyewe yaikanusha dhana hiyo.

Mfalme Henry wa Nane alipojitenga na Roma mwaka 1534, dini iligeuka kuwa kipimo cha utiifu. William Tyndale, aliyeifasiri Biblia kwa Kiingereza akiwa uhamishoni, alinyongwa na mwili wake ukachomwa mwaka 1536. Katika utawala wa Mary, bintiye Henry (1553-1558), Waprotestanti wapatao 280 waliteketezwa. Chini ya Elizabeth, ikawa zamu ya mapadri wa Kikatoliki kuuawa. Raia alitarajiwa kubadili imani kila mtawala alipobadilika, kana kwamba imani ni kanzu!

Wako walioshindwa, wakahama. Kundi moja kutoka kijiji cha Scrooby lilikimbilia Uholanzi mwaka 1608. Huko waliabudu bila bughudha, ila jambo moja liliwakera, nami nikiwa mwanaisimu hunivutia mno: watoto wao walikuwa wakigeuka Waholanzi kwa lugha na mienendo. Kwa sababu hiyo, pamoja na ugumu wa maisha, baadhi yao walipanda merikebu ya Mayflower mwaka 1620 kuelekea Marekani. Mgeni anayelaumiwa leo mjini London kwa kushikilia lugha ya mamaye hatendi jipya. Katika miaka ya 1630 Waingereza wapatao 20,000 waliwafuata huko New England, nchi iliyokuwa na wenyewe.

Wala mateso hayakuwafunza uvumilivu. Mwaka 1660 Wapuritani wa Boston walimnyonga Mary Dyer kwa kurejea mjini humo baada ya kufukuzwa kwa kuwa Mkweka, mfuasi wa dhehebu tulijualo sana hapa Kenya tangu lifike Kaimosi mwaka 1902. Kule Uingereza kwenyewe, Mkatoliki hakuruhusiwa kuketi Bungeni hadi mwaka 1829, takriban miaka 300 baada ya Henry kuachana na Roma.