Mpe konokono kazi, umpumzishe shemeji

Barua ya mwezi huu imetoka kwa dada mmoja wa Mbezi Beach, ndoa yake ina miaka 2. Mumewe alileta tangi la maji ya chumvi la lita 60, akapanga mawe na matumbawe, likawekwa sebuleni pembeni ya TV. Mwanzoni kila mgeni alikuwa analisifia. Sasa kioo kimegeuka kijani, na kila Jumapili shemeji anashinda na kikwangulio mkononi mpaka saa nane mchana, wakati hiyo ndiyo siku pekee wanayokuwa nyumbani wote wawili. Juzi kaja na konokono 20 kwenye mfuko wa nailoni. Wiki haijaisha, 11 wamekufa, nyumba inanuka na watu hawasemeshani. "Nimwambie auze?" anauliza dada.

Subiri kwanza, dada yangu. Konokono ni wazo zuri, ila hapo idadi, aina na namna ya kuwaingiza vyote vimekwenda mrama.

Tuanze na vifo. Kufa 11 ndani ya wiki moja si njaa, maana njaa huua konokono polepole. Mara nyingi ni mshtuko wa chumvi. Konokono hawezi kuvumilia mabadiliko ya ghafla kama samaki wengi wanavyoweza, kwa hiyo ukimmwaga kutoka kwenye mfuko moja kwa moja, umemmaliza. Maji ya tangi yaingizwe kwenye chombo chake tone kwa tone kupitia mpira mwembamba, kwa saa moja au zaidi, ndipo ahamishwe. Kingine muulize shemeji kama aliwahi kuweka dawa ya samaki yenye madini ya shaba. Shaba inaua konokono, na inaweza kubaki kwenye mawe na mchanga muda mrefu. Na kama tangi lina wiki chache tu, amonia inaweza kuwa haijaisha. Pima: amonia na naitraiti zisomeke sifuri kabla hujanunua kiumbe kingine.

Waliokufa watolewe leo leo. Utamjua kwa harufu. Aliyetulia tu mnuse kabla hujamtupa, wengine huwa wamelala. Halafu badilisha lita 6 hadi 10 za maji.

Sasa nani aajiriwe? Mimi ningemchukua troka, yule mwenye gamba la umbo la piramidi. Anakula mwani wa kioo na wa mawe, na akianguka chali anajigeuza mwenyewe, jambo ambalo konokono wengi wa madukani hawaliwezi, wanabaki chali mpaka wanakufa au kaa anawatafuna. Kwa lita 60, troka 3 wanatosha. Waongezee serithi 3 au 4, wale wadogo wembamba wanaojichimbia mchangani mchana na kutoka usiku. Hao wanashughulikia utando wa kahawia na mabaki ya chini ambayo troka hafiki.

Nerita naye ni mchapakazi, ni wa miamba ya kupwa na kujaa, hata kwetu wapo. Tatizo, amezoea kutoka majini, kwa hiyo bila kifuniko utamkuta ukutani. Pia hutaga vidoadoa vyeupe kwenye kioo, vigumu kweli kubandua. Kama nyumba ina mtu asiyependa madoa (na nadhani dada ndiye huyo), mwacheni.

Turbo ndiye anayeuzwa kwa mbwembwe. Anakula sana, lakini anakua mkubwa na anaangusha kila tumbawe lisilogundishwa. Mwani ukiisha, kwenye tangi dogo anakufa njaa, na konokono mkubwa akioza anachafua maji yote. Nasari muuzaji atakuambia anakula mwani. Hali. Yeye ni wa mabaki ya nyama, ananusa chakula na kuchomoza mchangani ghafla. Anapendeza kumwangalia, ila kioo hakimhusu.

Na msiende kuokota ufukweni. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, hakuna kubeba viumbe. Isitoshe, kwenye bahari yetu wapo konokono wenye gamba la umbo la koni, mazuri kabisa kwa macho, wenye mwiba wa sumu iliyowahi kuua watu. Huyo usimshike hata kwa picha.

Hata hao 7 hawatamaliza kazi kama chakula cha mwani kinaendelea kuingia. Naitreti na fosfeti hutoka kwenye chakula cha samaki kinachobaki na kwenye maji ya bomba. Samaki walishwe kidogo, kile wanachomaliza ndani ya dakika 2. Maji yakipungua kwa joto, chumvi inabaki, hivyo ongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Taa saa 8 kwa siku zinatosha, si mpaka taarifa ya habari ya usiku. Na ukiona utando mwekundu unaoteleza, huo konokono hawali. Fyonza kwa mpira.

Kikwangulio hakitastaafu. Ila kwa utaratibu huu kinakuwa cha dakika 5, mara mbili kwa wiki, jioni mkiwa mnasubiri wali uive. Dada unaweza kuchukua kazi ya kupima chumvi, kipimo kisome 1.025, ukaandika kwenye daftari. Shemeji akabaki na kioo. Wale 9 waliosalia msiwaongezee wenzao. Wapeni miezi 2, wakianza kupungua kwa njaa mtajua tangi linabeba wangapi.

Kuhusu kuuza, mwambie bei ya konokono 20 kwanza. Mlikubaliana? Barua yako haikusema, na nahisi hapo ndipo harufu inapoanzia.